Marimba ya Watu Sita, Wawili Hai

Mtoto wa kaka yangu alinicheka mbele ya watu. Alisema marimba ya watu sita hayapigwi na wazee wawili na kipande cha plastiki. Naanzia hapo, maana nikianzia mwanzo wenyewe giza litatukuta njiani.

Kwetu ni Budondo, upande wa Jinja. Huko tuna marimba makubwa tunayoyaita embaire. Si ya kupakata mapajani. Unachimba shimo ardhini, unalaza vigogo viwili vya mgomba kando ya shimo, kimoja huku na kingine kule, halafu juu yake unapanga mbao kumi na tano za mti wa lusambya. Ubao mkubwa unamzidi urefu mtoto wa shule, na wa mwisho ni kama mkono wangu kutoka kiwiko. Watu sita wanakaa, watatu upande huu na watatu upande ule, wanatazamana, kila mmoja na fimbo zake mbili. Shimo ndilo tumbo. Ukipiga bila shimo utasikia mbao tu, kama jirani anapasua kuni.

Kaka yangu ndiye aliyekuwa kiongozi. Alipokuwa anakufa, tumbo limevimba na miguu imekuwa kama ya mtu mwingine, aliniita karibu akasema, "Siku ya lumbe yangu nataka sauti sita. Zikiwa tano msinipigie kitu." Lumbe kwetu ndiyo matanga ya mwisho, siku ya kufunga msiba na kumsimika mrithi. Nikamjibu ndiyo. Mtu anayekufa utamwambia nini kingine?

Nilipokuwa narudi Mbale ndipo nikahesabu. Sisi wapigaji tulikuwa sita. Watatu walikwishatangulia, na kaka sasa wa nne. Tumebaki mimi na mzee mmoja wa kule kwetu, fundi wa kuchonga mipini ya majembe, jicho lake moja linatazama Jinja na lingine linatazama Kamuli. Vijana wako kwenye miwa, kwenye bodaboda, kwenye viwanda vya mjini. Hakuna aliyekaa kwenye shimo akajifunza. Nasi hatukuwalazimisha, tuseme ukweli. Tulipenda kusifiwa peke yetu.

Na mrithi alikuwa nani? Mtoto wake mkubwa, mpiga kinanda cha kanisani, mwenye spika ndefu kuliko mlango. Huyo huyo aliyenicheka.

Sasa mimi naishi Mbale, nyumbani kwa mwanangu, na hapa lazima nipinde kona kidogo. Mwanangu ni askari, yuko mbali kwenye kazi ya jeshi, anakuja mara moja kwa mwaka akiwa mwembamba. Watoto wake wako shule za bweni. Kwa hiyo nyumbani tuko wawili, mimi na mke wake. Na kwa desturi yetu, mzee na mke wa mtoto wake hawakai pamoja. Hawashikani mikono, hawali meza moja, hawapitani mlangoni. Tunaita obuko. Wakivunja mwiko wanasema mikono inaanza kutetemeka na haiachi mpaka kaburini. Kwao, maana yeye ni Mmasaba, nako wana mwiko wa namna hiyo, basi hatukuhitaji kufundishana. Mimi nina chumba cha nyuma, yeye ana nyumba kubwa, na kati yetu kuna ukuta mmoja wa matofali. Tunaongea kupitia ukuta. Kila asubuhi anapiga magoti upande wake, simwoni lakini nasikia goti linagusa saruji, anasema, "Baba, umeamkaje?" Nami nasema, "Nimeamka, mama."

Yeye ametoka Nakaloke, binti wa mfanyabiashara Mwislamu, hajui Lusoga, lugha yetu. Mimi Lumasaba, lugha yao, inanishinda ulimi. Kwa hiyo lugha yetu ni Kiswahili, yeye cha dukani kwa baba yake, mimi cha kambini. Najua watu wa Uganda wakisikia mzee anaongea Kiswahili wanatazama mlango uko wapi. Wana haki. Nilikuwa askari miaka ile mibaya. Siku moja kwenye kizuizi cha barabarani nilimnyang'anya mtu redio. Hakunikosea. Alikuwa na kuku wawili na redio, nikamwachia kuku, nikajiona mtu mwema. Redio ile niliifungua kwa kisu, nikafuata nyaya moja moja mpaka nikaelewa sauti inaingilia wapi na kutokea wapi. Ndiyo shule yangu. Nilipotoka jeshini nilikula kwa kutengeneza redio, Jinja na baadaye Mbale, na mwenyewe sikumrudishia. Hata sikumuuliza jina.

Turudi kwenye ukuta.

Mke wa mwanangu ni mwalimu wa kompyuta katika shule ya sekondari. Jioni moja nilimweleza habari ya kaka na sauti sita. Nilikuwa nalalamika tu, kama wazee wanavyolalamika. Akasema, "Baba, kuna programu ya kutengeneza sauti. Hairekodi tu kama simu. Wewe ndiye unaiambia sauti ipite wapi, saa ngapi, kwa nguvu gani. Tukiiwekea zile sauti nne zilizokufa, nyinyi mkapiga mbili?"

"Hiyo kompyuta tutaibeba mpaka Budondo?"

"Iko ndogo."

Asubuhi aliniachia kizingitini, akaondoka ndipo nikaichukua. Kompyuta yenyewe ni kadi ya kijani, inaenea kiganjani, haina sanduku, haina kioo, haina mabatani. Nikaigeuza. Nikaona shaba, nikaona vidonge vyeusi, nikasema moyoni, huyu ni mtoto wa redio.

Alikuwa ameipeleka kwanza kwa fundi mjini, aulize kama programu ile itafaa. Fundi akamwambia, "Madam, hiyo ni programu ya kompyuta ya mezani. Hii kadi ni ya kuwashia taa za Krismasi." Alirudi amekasirika mpaka sufuria zikasema. Akaishusha programu mwenyewe kutoka mtandaoni, ni ya bure, akaipandikiza. Usimwambie mwanamke wa Nakaloke kwamba kitu hakibebeki. Bibi yake alikuwa anabeba mkungu wa ndizi kichwani na mtoto mgongoni akienda Mbale kwa miguu.

Nikaenda Budondo kuchukua mbao. Nikakuta mchwa wamekula sita. Tisa zilikuwa nzima. Mzee mwenzangu akasema atachonga sita mpya, lakini lusambya mbichi hailii mpaka ikauke, na siku ya lumbe ilikuwa imeshapangwa baada ya mavuno ya mahindi. Nikamwambia, mbao tutachonga taratibu. Watu ndio hawachongwi.

Mtoto wa kaka alinikuta nafunga gunia. Akatoa simu, akasema nigonge ubao. Nikagonga. Kwenye simu kukawa na mshale unacheza, ukasimama kwenye wekundu.

"Baba mdogo, unaona? Ubao huu uko katikati ya noti mbili. Marimba yenu yote yana makosa. Siku ya lumbe tutapiga kinanda. Watu wanakuja na magari, tusitie aibu."

"Simu yako umenunua lini?"

"Krismasi."

"Ubao huu alichonga babu yako. Kati ya hawa wawili, nani amkosoe mwenzake?"

Akacheka. "Na mko wangapi wa kupiga?"

"Sita."

"Sita! Wengine watatoka wapi, mzee, Busitema msituni?"

Nikanyanyua gunia. Nikashika njia ya Mbale.

Hapo nilifanya kosa la uvivu. Mbale nilizipanga mbao barazani juu ya saruji, nikagonga mmoja mmoja, mke wa mwanangu akarekodi kwa maiki iliyopitishwa dirishani. Tukasikiliza. Ilikuwa kuni tupu. Kaka yangu angesikia angefufuka anichape. Kesho yake nikachukua jembe nikachimba shimo nyuma ya nyumba, refu kama mtu aliyelala. Jirani akachungulia juu ya ua.

"Afande, nani amekufa?"

"Wanne."

Akashuka haraka, na kwa wiki nzima hakuniomba chumvi.

Mbao zilipokaa juu ya shimo, zikalia. Sauti zile sita zilizoliwa na mchwa tulizipata kwa ndugu zao. Kwenye embaire kuna sauti tano tu, halafu zinarudi upya, nene kwa nyembamba, kama kaka na mdogo wake. Ukimjua mkubwa unamjua mdogo. Programu ikachukua ubao mkubwa na kuupandisha. Mara ya kwanza ikatoa sauti ya panya aliyebanwa mlangoni. Nikamwambia, "Mama, ondoa panya." Akavuta, akapunguza, mpaka nikasema hapo. Akaniuliza kwa uangalifu kama asogeze kidogo zilingane na kinanda, maana programu ina noti za kinanda tayari, ukichagua ni rahisi. Nikasema hapana. Akasema, "Nilijua, nilitaka kusikia tu." Akaziandika kwa namba zenyewe, zile za katikati ya noti mbili.

Kuhusu programu yenyewe, nilivyoielewa ni hivi. Haina maandishi mengi ya kumtisha mtu wa darasa la tatu. Unachora kisanduku. Unachora kingine. Unavuta uzi kutoka hiki mpaka kile, na sauti inapita kwenye uzi kama maji kwenye mfereji. Kisanduku kimoja kinahesabu, kimoja kinangoja, kimoja kinagonga. Nilipoona picha yake nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimeshika kalamu ya bati, ile ya moto ya kuunganishia nyaya, miaka arobaini. Wasomi wamezunguka dunia nzima wakarudi kwenye meza yangu.

Lakini tulipata shida mbili.

Ya kwanza ilikuwa kadi. Tuliiunganisha na televisheni ya zamani chumbani kwangu, ili nione visanduku. Mke wa mwanangu alikuwa dirishani kwa nje, ametazama pembeni, ananiambia bonyeza hapa, vuta pale. Sauti moja ilitoka vizuri, na mbili. Tulipoongeza ya tatu ikaanza kukatika, kraa-kraa, kama bisi zinazopasuka kwenye sufuria. Nikaishika kadi, ilikuwa ya moto kama paji la mtoto mwenye malaria. Fundi wa mjini akanijia kichwani na taa zake za Krismasi.

Na watu walianza kutuona. Mwalimu kasimama dirishani kwa mkwe wake kila jioni, maneno hayakukawia. Mikono yangu kwa kweli ilikuwa imeanza kutetemeka, ni uzee, ilianza kabla kaka hajafa. Lakini nani anasikiliza tarehe? Mama mmoja wa dukani akaniambia waziwazi, "Mzee, hiyo ni obuko imekushika." Nikamwambia, "Obuko inashika wanaoguswa. Mimi nimeguswa na miaka sabini tu." Nilijibu hivyo kwa sauti, lakini jioni ile sikufungua dirisha.

Siku mbili hatukuongea ila salamu. Ya tatu akagonga ukuta.

"Baba, nimeipata. Kadi haishindwi na sauti. Inashindwa na picha."

"Picha gani?"

"Hiyo televisheni. Kadi inajitesa kuchora madirisha, rangi, mshale, na hapo hapo inapiga marimba. Tuitoe. Iwe kipofu. Ifanye sauti tu."

"Na wewe utaionaje?"

"Kadi ina mawimbi yake. Mimi nitakuwa huku kwangu, na laptopu yangu, naingia ndani yake kwa mawimbi hayo. Wewe utakuwa nayo huko kwako, unasikiliza. Dirisha la nini?"

Kumbe kadi nayo ilikuwa na mkwe. Ukitaka ifanye kazi vizuri, usiitazame usoni.

Televisheni ikatoka, na sauti nne zikapita pamoja bila kukatika. Kadi ikabaki na joto la yai lililotagwa sasa hivi. Niliifunika kitambaa, nikafunga dirisha, na mama wa dukani akakosa habari.

Shida ya pili haikuwa ya mashine. Ilikuwa ya kuhesabu. Nilimtajia mbao, sehemu ya mtu wa kwanza ni hii, hii, hii, sehemu ya pili hivi, naye akaziandika. Akazianzisha. Mungu wangu! Gunia la viazi limemwagika kwenye ngazi.

"Baba, si ndivyo ulivyosema?"

Nikasikiliza tena. Mbao zilikuwa zile zile. Kisha nikaelewa. Alikuwa amewaanzisha wote pamoja, kama wanafunzi wa mstari mmoja, mwalimu anasema moja wote wanasema moja. Embaire haina moja ya watu wote. Kila mtu ana moja yake, na moja yako iko ndani ya upenyo wa mwenzako. Yeye akishusha fimbo, yako iko juu. Yake ikipanda, yako inashuka. Hilo halielezeki kwa maneno. Nikamwambia aweke laptopu chini.

Nikagonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Ko, ko, ko, ko. "Gonga katikati yangu."

Akagonga. Mara nne alikuwa katikati, mara ya tano akawa juu yangu.

"Umenifuata."

"Samahani, baba."

"Usiombe samahani. Kaa kwenye yako. Hapa ukinifuata mimi umepotea, nami nikikufuata wewe nimepotea, wimbo umekufa. Uwe mbishi."

"Nimelelewa nisimbishie mkwe."

"Kwenye ukuta huu bisha."

Tulifanya hivyo siku nyingi, yeye upande wake na mimi upande wangu, tumetazamana bila kuonana, kama wapigaji wawili kwenye shimo. Vumbi la chokaa likawa linaanguka kitandani kwangu. Siku moja nikasikia amekaa. Niliongeza mwendo kumjaribu, hakunifuata. Nilipunguza, hakunifuata. Nikarudi mwenyewe kwenye mwendo wa kwanza kwa aibu, nikamkuta palepale. Nikasema, "Sasa nenda ukaiambie mashine." Alienda akaongeza visanduku vya kungojea, kila sehemu na kungoja kwake, na jioni ile ile kaka yangu akaingia chumbani. Sisemi mzimu. Nasema sehemu yake, ile ya kiongozi, ubao wa nne unavyochelewa kidogo makusudi. Nilikuwa nimemtajia hata uchelewaji. Nikajifuta uso kwa kile kitambaa cha kadi.

Lumbe ilifika. Watu walijaa, mahema, sufuria za wali na matooke, magari kweli yalikuja. Mtoto wa kaka alikuwa amevaa kanzu nyeupe ya mrithi na koti juu, kinanda chake kiko tayari kwenye jukwaa. Mimi na mzee mwenzangu tulichimba shimo asubuhi, mahali pale pale pa zamani, udongo ulikuwa bado laini. Spika kubwa alininyima. "Vifaa vya kanisa, baba mdogo." Sikuhitaji. Nilikuwa na ile kadi, ampu yangu ya kizamani ya kukuzia sauti, na spika moja ya redio niliyoitia nyaya mpya, na betri ya gari. Spika nikaishusha chini kabisa ndani ya shimo, uso juu, nikapanga mbao tisa juu yake. Nilitaka sauti zote zitoke tumbo moja.

Alipoona hivyo akaja mbio, kanzu ameishika mkononi.

"Wewe mzee! Unataka kutoa watu chini ya ardhi siku ya lumbe? Hiyo si uchawi?"

"Kaburi liko pale kwenye kahawa. Hapa ni shimo la marimba."

"Hawa sita wako wako wapi? Naona wazee wawili na kipande cha plastiki!" Hapo ndipo watu walipocheka. Akaona wamecheka, akaongeza, "Na mikono hiyo inayotetemeka, wote wanajua umeipata wapi. Unashinda na mke wa mtoto wako huko Mbale mnachezea kompyuta."

Mke wa mwanangu alikuwa kwa wanawake, nyuma ya migomba, mbali nami kama inavyotakiwa, na laptopu kwenye mapaja chini ya kitenge. Alisikia kila neno.

Nikainua mikono yangu miwili juu, wote waione. Ikatetemeka vizuri.

"Tazameni. Inatetemeka. Na huyo binti wa watu sijawahi kumgusa hata kivuli. Amenifundisha kupitia ukuta wa matofali, nami nimemfundisha kupitia ukuta huo huo. Mwenye mkwe anayemheshimu zaidi ya hapo asimame." Hakuna aliyesimama. "Kaka yangu alisema sauti sita. Hakusema matako sita. Kaa chini, mrithi, uzihesabu."

Mzee mwenzangu alipiga kelele ya furaha kama mwanamke aliyeona arusi. Nikakaa. Nikaanza mimi, naye akaingia katikati yangu. Kisha, kutoka chini, wale wanne. Wakaingia mmoja mmoja kama walivyokuwa wakiingia, na wa mwisho kiongozi, na udongo ukatetemeka chini ya mapaja yangu. Bibi mmoja aliweka sahani ya wali chini akashika kichwa.

Mwenzangu, mori ulipompanda, akaanza kukimbia. Ndiyo tabia yake tangu ujana, akisifiwa anakimbia. Zamani kaka alikuwa anamtukana mpaka anarudi. Wale wa shimoni hawakumfuata, nami nikakataa kumfuata, akawa anakimbia peke yake kama mbuzi aliyekata kamba. Watu wa mahema walianza kuguna. Nikamwambia, "Kaa kwenye yako, jicho-Kamuli!" Akahema, akatafuta, akarudi. Baada ya hapo ilikwenda. Wanawake walifunga vitambaa viunoni, wakaingia.

Tulipiga mpaka mabega yangu yakaniaga. Na hapo, nikiwa na furaha zote hizo, nikakumbuka kitu. Hatukuifundisha mashine kuacha. Miezi yote ile ukutani hatukusema habari ya mwisho hata siku moja. Mwisho wa embaire ulikuwa wa kiongozi peke yake, mapigo matatu kwenye ubao mkubwa, kwenye upenyo wake, na wote wanainua fimbo. Na kiongozi ndiye huyo tunayemfungia msiba.

Mwenzangu akaninong'oneza, "Unangoja na sisi tufe?" Tukainua fimbo, mimi na yeye.

Wanne wakaendelea.

Waliocheza walisimama. Hakuna mtu anayepiga, mbao zimelala, na shimo linaimba peke yake. Nilimwona mtoto wa kaka. Mdomo ulikuwa wazi. Alikuwa anaisikia sehemu ya baba yake, ambayo alilala usingizini akiisikia tangu tumboni, simu au hakuna simu.

Nikamnyooshea fimbo yangu. "Baba yako ndiye alikuwa anafunga. Leo umevaa kanzu yake. Funga."

Akaja. Akakaa pale pa baba yake, kanzu kwenye udongo. Akatikisa kichwa, moja, mbili, anatafuta moja ya kinanda, na haipo. Akapiga mara tatu. Sauti zikaendelea. Watu wakacheka, safari hii hawanicheki mimi. Akapiga tena, jasho linamtoka. Zikaendelea. Akatulia muda mrefu, amefumba macho. Akapiga mara ya tatu.

Kimya. Nilisikia betri.

Alinitazama. Alisema, "Baba mdogo, ubao wa nne unachelewa." Nikasema, "Ndiyo. Na kama utausahihisha kwa kinanda chako nitakufufukia." Wakamsimika saa ile.

Tulirudi Mbale kila mtu na gari lake. Asubuhi goti likagusa saruji.

"Baba, umeamkaje?"

"Nimeamka, mama. Jana, alipopiga mara ya kwanza, kwa nini hukuizima mashine kwa laptopu yako? Ulimwaibisha mtu."

"Aliingia kwenye moja yangu, si kwenye upenyo. Ningezimaje?"

"Na ya pili?"

"Ya pili alinifuata." Nikasikia anacheka ndani ya mkono wake. "Baba ulisema niwe mbishi."

Mikono bado inatetemeka. Mama wa dukani bado ana maneno, na fundi wa mjini nasikia bado anauza taa. Nikakunja ngumi nikagonga ukuta, ko, ko, ko, ko. Akagonga. Nikaongeza mwendo. Hakunifuata.